Aspirini Ndani ya Chai ya Sella

Maneno niliyatoa kwa Eddah, yule anayeuza sukuma wiki hapa mtaani kwetu Kianda, na yakakataa kunitoka kichwani. Alisema kuna mama wa mtaa wa Soweto West alipasuliwa tumbo, akashonwa vizuri, akacheka na wageni. Siku ya nne damu ikaganda mguuni, donge likapanda kifuani, akazimika kama koroboi. "Damu yake ilikuwa nzito," Eddah akasema, huku anakata mboga.

Na binti yangu Sella alikuwa apasuliwe wiki iliyofuata, atolewe mawe ya nyongo!

Sella ana saluni kule steji ya Kawangware 56, lakini alikuwa amekuja kupumzika kwangu. Sasa mimi mama mzima ningekaa tu? Nilishasikia aspirini inafanya damu iwe nyepesi. Basi kila asubuhi nilisaga tembe mbili kwa kitako cha chupa ya soda, nikatia kwenye chai yake na tangawizi nyingi.

"Mama, hii chai mbona chungu hivi?"

"Tangawizi ya Kianda ni kali. Kunywa."

Akanywa siku saba. Nikajiona daktari kabisa, naosha vyombo nikiimba.

Siku ya kulazwa tulienda hospitali na mumewe, Walubengo, fundi wa mbao. Sista Mbula, nesi wa wadi, akamuuliza Sella, "Kuna dawa unatumia?"

"Hakuna," Sella akajibu, upesi mno.

"Hakuna," nikasema na mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa.

Sista akamkunja mkono wa blauzi ampime presha. Akaona madoa ya bluu, mkono wote. Akaangalia miguu, madoa. Akamgeukia Walubengo pole pole.

"Baba, wewe humpiga huyu?"

"Mimi? Sista, hata kuku wa Krismasi huchinjwa na yeye!"

"Wote husema hivyo. Ngoja niite askari wa geti."

Nikaona mkwe wangu anashikwa kwa sababu ya chai. Nikaropoka, "Ni aspirini! Nimemtilia mimi! Mbili mbili, siku saba!"

Sella akanitazama, midomo ikaanza kumcheza. "Mama! Ndiyo ile tangawizi ya Kianda?" Akacheka mpaka akashika ubavu wenye mawe. "Haya, na mimi niseme. Sista, nameza tembe za kupanga uzazi. Nimezificha kwenye mkebe wa mafuta ya nywele ndio huyu mama asizione."

Na mimi kila Jumapili nasimama kanisani kumwombea mapacha! Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitangulia.

"Kwa hivyo sishikwi?" Walubengo akauliza. Tukaangua kicheko tena, hata mgonjwa wa kitanda cha pili mwenye plasta.

Sista hakucheka. "Kesho saa mbili angekuwa juu ya meza. Hiyo aspirini ingefanya damu ikatae kusimama akipasuliwa. Na hizo tembe huongeza damu kuganda baadaye, akiwa amelala tu. Na msidhani moja inafuta nyingine."

Hapo nikakaa chini.

Upasuaji ukasogezwa mbele mwezi mzima. Aspirini ikakoma, Sella akapewa njia nyingine ya kupanga uzazi, na chai akawa anajipikia mwenyewe akichunga mikono yangu. Akapasuliwa. Siku ya pili akatembea koridoni ameshika bega la Walubengo, mimi nyuma na vigelegele, mpaka nikafukuzwa wadi.

Wewe ambaye mtu wako atapasuliwa, epuka haya:

Kusema "hakuna" ukiulizwa dawa. Taja zote, za dukani, za miti shamba, hata zilizofichwa kwenye mkebe.

Kumpa aspirini au dawa yoyote ya maumivu bila daktari kujua.

Kumwachisha wewe mwenyewe dawa aliyoandikiwa, ya moyo ama ya kupanga uzazi. Uliza kwanza.

Kumlaza siku nzima kwa huruma. Sista akisema atembee, atembee.

Kungoja kesho, kama mguu mmoja umevimba na unauma, ama pumzi inakatika. Rudi hospitali saa hiyo hiyo.

Kumtilia mtu kitu kwenye chai.