Besi ya Shemeji

Mpiga piano hakuwa na haya hata chembe. Kwenye jalada la albamu aliandikisha kwa herufi kubwa: HAKUNA MASHINE HUMU. Watu watatu, chumba kimoja, kila wimbo unapigwa mara moja tu. Aliyekosea ndiyo kakosea. Ndivyo walivyorekodi jazi yao tangu ujanani, na kwa hilo aliwasimanga vijana wa kompyuta mpaka wakamkimbia.

Kumbe siku ileile waliyomaliza kurekodi, alimvuta pembeni bintiye, fundi wa sauti. Vidole vya shemeji yake, mpiga besi, vilikuwa vimeanza kutetemeka.

"Toa besi yake yote," alimnong'oneza. "Weka ya kompyuta. Na ufunge mdomo."

Sasa walikuwa wamekaa sebuleni kwa binti, wakisikiliza. Mpiga dramu, mdogo wa mpiga piano, alivikodolea macho viatu vyake. Shemeji alikuwa amefumba macho, mikono ameikalia. Besi ilinguruma tamu, imenyooka kama ukuta mpya. Mpiga piano akatikisa kichwa kwa raha zake.

"Besi nzuri," shemeji alisema wimbo wa pili ulipokwisha. "Ila huu mimi sikuupiga. Niliacha mapema, nikawa napapasa nyuzi tu. Nilitaka kujua kama mtanisikia nikinyamaza."

Mpiga piano aliona aibu, aibu ya kweli. Neno la kuomba radhi lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Basi si umeona?" akasema. "Ulinyamaza, na muziki ukaenda."

Shemeji akajikunyata kwenye kochi. Hata mpiga dramu alisonya.

"Baba, muombe radhi," binti akasema.

"Kwa lipi? Kwa kumsitiri?"

Binti akamtazama kidogo, kisha akageukia kompyuta yake. "Haya. Hii ndiyo mliyopiga wenyewe. Sijagusa kitu."

Dramu zilikuja safi. Piano ikaingia, mkono wa kulia ukiimba vizuri, na nyuma yake mkono wa kushoto ukijikwaa, ukichelewa, ukigonga funguo mbili pasipotakiwa hata moja.

"Nani huyo?" mpiga piano akafoka.

"Wewe. Baba Mdogo aliniomba niutoe mkono wako wa kushoto. Ule uliokuwa unautikisia kichwa ni wa kompyuta."

Mdogo wake hakuinua macho. Shemeji ndiye aliyefumbua yake.

"Rudisha mwanzo, mwanangu," akasema kwa upole. "Shemeji yangu hakusikia vizuri."