Mashine Haikufanya Mtihani

Nesta alikuwa akikanyaga pedali, maganda mekundu ya kahawa yakiruka huku, buni zikiteleza ndani ya beseni kule. Mama yake, Tabita, akamimina debe jingine. Kahawa mbivu humenywa siku ileile iliyochumwa. Ikilala, huchachuka, na ushirika huikataa. Kijiji kizima kilikuwa kimeleta yake hapo, kwa maana mashine ya Nesta, ya baiskeli kuukuu na vyuma vya lori lililopinduka Tunduma, ilishinda mawe ya kumenyea ya kaya zote.

Gari la chuo kikuu liliposimama, aliacha kukanyaga. Alikuwa ameandika barua kuomba arudishwe masomoni, akiieleza mashine yake.

Dakta Zebedayo, mwalimu aliyemfelisha, alishuka na leso puani. Osea, mwenyekiti wa kijiji, alimkimbilia na kiti.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, Mwalimu," Nesta alijibu.

Dakta aliizunguka. "Inakwenda Dar es Salaam, maonyesho ya Saba Saba. Ugunduzi wa idara yetu."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Nitarudi chuoni?"

"Nesta, swali lilisema eleza mashine ya kumenyea kahawa. Mimi nilifundisha ya Uingereza. Wewe ukachora baiskeli."

"Baiskeli hii?"

"Haikuwamo kwenye nukuu zangu. Chuo hakirudishi waliofeli."

"Lakini mashine mnaichukua."

"Mashine haikufanya mtihani."

Osea alicheka sana, kisha akamtazama Dakta kuhakikisha kwamba ameonekana akicheka.

"Baba, tuachieni hadi jioni tu," Tabita alisema. "Kahawa ya watu itaoza."

"Mama Nesta, taifa kwanza," Osea alijibu, ingawa hakuulizwa yeye.

"Na hicho kiti cha baiskeli kitoeni," Dakta alisema. "Kimechakaa. Wageni watatucheka."

Hakuna aliyejua kukifungua. Wakamtazama Nesta. Akatoa spana yake, akakifungua, akakiweka chini. Wanaume wakaipakia mashine garini, Dakta akiwaonya wasijichafue kwa utomvu, kisha akapanda mbele.

Wanawake wakarudia mawe. Hadi giza linaingia, rundo lilikuwa halijapungua, na harufu ya uchachu ilikwisha kuanza.

"Basi tulale," Tabita alisema. "Tutamalizia kesho."

"Kesho itakuwa pombe, mama."

Nesta akafuta jiwe lake kwa upindo wa kanga, akalilaza juu ya kiti cha baiskeli, mahali pekee palipobaki pakavu, ili asubuhi asilitafute.