Siku Basi la Serikali Lilipotufikisha Ukweni

Kwa kina Patricia kuna sheria: siku ya mahari wakwe wanaingia langoni wote pamoja, wakiimba. Akikosekana mmoja, lango halifunguliwi.

Sisi tulishafungiwa mara moja. Tulitoka Mangobo kwa pikipiki kumi na nne. Tonton Assumani, mjomba wa bwana harusi, alifika wa kwanza na mbuzi. Vitenge vya mahari vikafuata. Papa Noël, baba wa bwana harusi, alifika baada ya saa nzima, tope mpaka kwenye miwani. Mama Marie-Jeanne, shangazi wa Patricia, alituchungulia juu ya ukuta.

"Hii ni famille ao ni manyunyu? Munadondoka moja-moja. Murudie."

Sadrack, bwana harusi wetu, hakula siku mbili. Shangazi akatuma neno: Jumamosi ndiyo mara ya mwisho, kuna mwanaume wa Banalia anaulizia.

Bahati yetu, wiki hiyo serikali ilimaliza lami na kuleta mabasi. Makubwa, mapya, yanafika saa iliyoandikwa kituoni. Watu walikuwa wanavaa vizuri kwenda kuyatazama tu.

Jumamosi tukajaa kituoni.

"Mbuzi hapana," alisema dereva, mama mmoja anaitwa Aziza. "Hii ni basi ya État."

"Mama, ile si mbuzi," Papa Noël akajibu. "Ile ni mahari."

Aziza akafikiri. "Bon. Mahari ikae nyuma. Ikinya, bwana harusi anapanguza."

Tukaanza kuimba. Wanafunzi wakapiga makofi, mama wauza samaki wakapokea kiitikio, fundi mmoja akageuza ndoo yake kuwa ngoma. Tukapita soko kuu na hakuna aliyeshuka.

"Mama, si unashukia hapa?" nilimuuliza muuza samaki mmoja.

"Nishuke bila kujua kama wanamukubali? Jamais."

Kabondo, kwa kina Patricia, tulishuka watu sitini, wimbo mmoja. Shangazi alichungulia juu ya ukuta.

"Hawa wote ni bakwe?"

"Wote," walijibu wauza samaki, kabla sisi hatujafungua mdomo.

"Na mumefika pamoja namna gani?"

"Basi ya État, mama," Sadrack akasema, jasho linamtiririka.

"Inapitaka mara ngapi?"

"Kila nusu saa."

Shangazi akakokotoa kitu kichwani. "Donc, Patricia akiolewa Mangobo, kila Siku ya Mungu, akitoka misa, anaweza kuya kula lituma ya ndizi kwangu, arudi mbele ya giza."

"Anaweza, mama. Na mimi nitakuya."

"Wewe sikukuita," alisema, na huku anafungua lango.