Vidole Viwili vya Chaki

Kwa jina la Mola aliyeumba udongo, akauloanisha asubuhi na kuukausha jioni, kisha akamuumba mwanadamu kwa udongo huohuo, naanza. Namwomba anijaalie kuwataja watu hawa kwa heshima wanayostahili, kwani nimeishi nao Iowa mashariki miaka thelathini na moja, na kati ya makosa nitakayosimulia, moja lilikuwa langu.

Wa kwanza kutajwa ni Lumir Vondracek, fundi wa springi, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Wa pili ni Marlys, bintiye, anayeendesha basi la shule siku za kazi na gari la mashindano kwenye uwanja wa udongo kila Jumamosi. Wa tatu ni Virgil Tiedemann, muuza mbegu za mahindi, ambaye gari ni lake. Wa nne ni Libuse, mke wa Lumir, tuliyemzika mwezi wa Februari ardhi ikiwa imeganda kwa baridi, ngumu kama zege. Wa mwisho ni mimi, jirani yao, waliyezoea kuniita Shehe. Kazi yangu ilikuwa kushika chaki.

Lumir hakupenda mashine ya kupimia springi. Mashine yake ilikuwa mwili wake. Alipanda juu ya bampa la nyuma la gari, upande wa kulia, akasimama wima kama mtu anayeapishwa. Mimi nilichora mstari juu ya tairi, pale ukingo wa bodi ulipofikia, kabla hajapanda, na mwingine baada ya gari kudidimia. Nafasi kati ya mistari ikiwa vidole viwili, springi ni hiyo. Ikipungua, ni ngumu, tairi litasugua udongo juu juu bila kuung'ata. Ikizidi, ni laini. Kwenye kona gari litalala mpaka springi iishiwe na nafasi, chuma kigonge chuma, tairi liachie na mkia wa gari uelekee ukutani. Shokomzoba alizikaza au kuzilegeza baada ya hapo, ili uzito ukishatua juu ya tairi utulie, usirukeruke. Kwa kipimo hicho Marlys alikuwa ameshinda mara kumi na tisa.

Msimu ule uliofuata mazishi hakushinda hata mara moja. Kila Jumamosi mkia uliponyoka, na kila Jumamosi Lumir alipanda, mimi nikasoma chaki, nikamwambia, "Kidole kimoja na nusu." Naye akaguna, akafunga springi laini zaidi, tukapata vidole vyetu viwili, na gari likateleza kuliko wiki iliyotangulia.

Siku ya maonyesho ya wilaya, mashindano ya mwisho wa msimu, Virgil alikuja kwenye gari letu akiwa na soseji mkononi.

"Lumir, mzee wangu, nakupenda. Lakini leo matairi yasiposhika, mwakani namleta kijana wa mjini Dubuque na mashine yake ya springi."

"Mlete," akasema Lumir bila kuinua kichwa. "Na akuletee na mke, maana wako anakuficha keki."

"Sitanii."

"Najua. Ukitania huwa unacheka mwenyewe."

Virgil akaondoka. Lumir akaendelea kufuta shokomzoba ambayo tayari ilikuwa safi. Nilijua hakubakiwa na kitu kingine. Nyumbani kulikuwa na kiti kitupu na kahawa. Ile Jumamosi moja ndiyo iliyokuwa ikimwamsha siku sita nyingine.

Katika mzunguko wa mchujo Marlys aligusa ukuta mara mbili, akamaliza wa saba. Kila gari likitoka uwanjani hupitishwa kwenye mizani, dereva akiwa ndani, kuhakikisha halijapungua uzito wa sheria. Lumir, akiwa amechoka kwa joto, alikuwa ameketi juu ya bampa la nyuma gari lilipopanda mizani.

"Vondracek, shuka!" mpimaji akapiga kelele. "Napima gari, sipimi na babu zake!"

Lumir akashuka, watu wakacheka. Lakini Marlys alikuwa akiutazama ubao wa namba kutoka kitini. Alipofika kwenye sehemu yetu hakuvua hata kofia ngumu. Akanivuta nyuma ya trela.

"Shehe, baba ana ratili ngapi?"

"Mia mbili arobaini. Miaka yote anajisifia hizohizo."

"Aliposhuka, namba imepungua mia moja sabini na sita."

Nilikumbuka mkanda wa Lumir, matundu mapya aliyoyatoboa kwa msumari, na suruali iliyojikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Yote hayo yalipita mbele ya macho yangu tangu Aprili, nami nilikuwa nimeinama nikisoma chaki. Mtu aliyepungua ratili sitini na nne hawezi kuididimiza springi kama zamani. Springi hazikuwa ngumu. Aliyekuwa mwepesi ni Lumir.

"Tumwambieje?" nikamuuliza.

"Hatumwambii mbele ya Virgil, hilo najua." Akaingia chini ya gari, akafungua vipande viwili vya madini ya risasi, kila kimoja ratili thelathini na kitu, vinavyofungwa humo kuongeza uzito. Akavibeba kifuani hadi kwa baba yake.

"Baba, panda tena. Halafu nishikie hivi."

"Vya nini?"

"Wewe nishikie tu. Una maswali kama mtoto wa darasa la pili."

Lumir akapanda, akavipokea, kimoja kila mkono. Gari likadidimia. Nikachora, nikapima.

"Vidole vitatu kasoro kidogo," nikasema.

Akazikumbatia risasi zile, akaitazama chaki, kisha binti yake. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Umenipima," akasema.

"Mizani imekupima. Mimi nimesoma tu."

"Mama yako angenipigia kelele."

"Angekupigia kwanza, angekupikia baadaye. Mimi sijui kupika, baba, kwa hiyo nitapiga kelele mara mbili."

Akashuka polepole. "Leteni springi za mwaka jana," akasema. "Na shokomzoba ya kulia ilegezeni mizunguko miwili. Nimeikaza kama mjinga."

Baada ya Magharibi, udongo ulipokuwa mkavu unang'aa kama sahani, Marlys alianzia nafasi ya kumi na nne. Gari liliinama kwenye kona ya kwanza, likatulia, likauma. Hakushinda, alimaliza wa pili, nyuma kwa urefu wa boneti. Lakini mkia haukuponyoka hata mara moja, na Virgil alikuja anakimbia, soseji nyingine imemwagikia shati.

"Umefanya nini, Lumir?"

"Nilikosea kipimo. Tumekirekebisha."

"Basi mwakani ni wewe. Yule wa Dubuque nitamwambia asisumbuke."

Lumir akaifuta chaki kwenye tairi. Kisha akageuka kwa Marlys. "Wale akina mama wa kanisani wanaouza langoni bado wana vile vikate vitamu vya mbegu za popi?"

"Wanavyo."

"Twende. Na Shehe aje na chaki yake, aone kama nadidimia."

Ewe Mola, umrehemu Libuse aliyewalisha wengi. Na hawa waliobaki, Lumir, Marlys, Virgil, nami niliyechelewa kuona, utupe njaa ya kula pamoja, macho ya kutazamana, na umri wa kutosha kuitana mezani. Amina.