Maji ya Seva ya Chechelesi

Mungania hakuwa na dirisha, kwa sababu chumba chake kilijengwa kiwe stoo ya mifagio. Hakuwa na kipanya cha kompyuta. Mkurugenzi alikiazima siku ile chake kilipomwagikiwa na chai, na kuazima kwa wakubwa ni kuchukua. Hakuwa na kiti chenye mgongo, wala jina mlangoni. Na kilichomuuma kuliko vyote, hakuwa na barua ya ajira ya kudumu. Alikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kanisani, licha ya vyeti vyote alivyovitolea jasho katika masomo ya jioni, bado walimtambulisha kwa wageni kama kibarua wa ofisi ya maji ya Chechelesi.

Alichokuwa nacho ni seva. Ilikaa mezani mbele yake, nyeusi, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, ikivuma mchana kutwa. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata ya mradi wa Tone kwa Tone: lori gani la maji limekwenda wapi, na kama limefika. Kwa kuwa hakuwa na kipanya, Mungania aliiongoza kwa amri za kuandika tu, herufi nyeupe kwenye kioo cheusi. Jambo hilo lilimpa fahari. Hao wengine wa kubofyabofya vipicha, alisema, wanadonoa kama kuku.

Jumanne moja asubuhi, wafadhili wa Nairobi walituma programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya seva ili kuifundisha kazi isiyoijua. Hii iliitwa Uhakiki. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila lori lililoandikwa limefika, limefika kweli. Mungania akaandika amri ya kuipachika, na seva ikajibu kwamba imekubali. Kisha, katika faili ya mipangilio, alitakiwa kuchagua: iwe ya muda, au iwe ya kudumu, isiyoweza kung'olewa seva ikiwa macho. Mungania alilitazama neno hilo la mwisho. Katika ofisi ile hajawahi kuona kitu kikipewa kudumu. Akaichagulia kudumu, akaiwasha seva upya, akanywa chai.

Jioni, malori yaliporudi, Mkurugenzi Wambugu alisimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, akamwambia ya kuandika.

"Soko, lori moja, imefika. Ngaremara, lori mbili, zimefika."

Mungania aliandika la soko, na seva ikanyamaza. Akaandika ya Ngaremara. Seva ikakohoa, na maji yakaanza kutoka kwenye tundu la feni. Umeme haukulalamika.

Habsa, sekretari wa ofisi, alisikia mchuruziko akaja na ndoo.

"Mzee Mungania, mfereji wako umepasuka?"

"Si mfereji. Ni malori mawili ya Ngaremara."

"Ah," alisema Habsa, akaenda kutafuta ndoo nyingine.

Maji yalitoka mpaka malori mawili yakatimia, yakashuka ngazi za baraza, yakafika getini, ambako mbuzi wa jirani waliyanywa. Yalikuwa safi, ila yalinukia vitunguu kidogo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mji mzima ulijua kwamba malori ya Ngaremara hukata kona kabla ya kutoka mjini na kuingia katika shamba la vitunguu la Mkurugenzi.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na habari ilifika Ngaremara upesi kuliko lori lolote. Alhamisi, Akiru alitokea na punda wake na wanawake wenzake, mitungi ikigongana. Mwaka mzima Akiru alikuwa akija ofisini kuuliza maji, na mwaka mzima aliambiwa yalishafika.

"Nyinyi mlikuwa mnasema maji imefika," alimwambia Mungania, akikinga mtungi chini ya feni. "Kumbe ilikuwa inafika hapa."

"Karibu, mama."

"Lakini inanuka kitunguu."

"Vumilia."

"Navumilia nini? Leo sinunui kitunguu ya mboga."

Mkurugenzi alikuja amekunja suruali mpaka magotini, viatu mkononi.

"Mungania, hiyo kitu itoe."

"Ni ya kudumu, bosi. Seva ikiwa macho haitoki."

"Nani aliifanya ya kudumu?"

"Ni mimi."

"Wewe? Wewe mwenyewe si wa kudumu!" Mkurugenzi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kuna njia ingine," alisema Mungania. "Tukiandika lori zimeenda kwa vitunguu, haitavuja."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake. Kisha akashusha sauti.

"Sikia, mzee. Laza hiyo seva dakika moja tu, ung'oe hiyo plagini. Na mimi nitafanya hivi." Akatoa karatasi katika koti. Ilikuwa barua ya ajira ya kudumu, imeshapigwa chapa, na jina la Mungania limeandikwa bila kosa. Ilikosa sahihi tu. "Kalamu iko hapa."

Mungania aliketi. Akaandika amri ya kuilaza seva, herufi kwa herufi, ikabaki kubonyeza kitufe cha mwisho. Aliwaza Jumapili, atakavyosimama kanisani na wasiwe na neno la kusema.

"Mzee wa komputa," alisema Akiru nyuma yake, "usiwe na haraka. Punda bado."

Punda alikuwa ameingiza kichwa mlangoni. Mungania akamtazama punda, na punda akaitazama feni. Nyuma ya punda foleni ilishuka ngazi ikatoka nje mpaka barabarani.

Mungania akaifuta amri, herufi kwa herufi, akaandika nyingine, ile ya kuorodhesha programu-jalizi. Zikajipanga kiooni, na ya mwisho ilikuwa Uhakiki: hai, ya kudumu.

"Imekataa, bosi," alisema.

Huo ulikuwa uongo wake mwenyewe wa kwanza katika ofisi ile, na kwa kuwa hakuuandika kwenye hifadhidata, hakuna kilichovuja. Mkurugenzi alifunika kalamu. Barua ikarudi katika koti.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mkurugenzi ilikuwa na lami. Kesho yake alileta fundi, akafunga mfereji kwenye tundu la feni. Ukuta ukatobolewa ili foleni isiingie ndani, na hivyo Mungania akapata dirisha, ingawa lilikuwa limejaa mitungi. Nje pakaandikwa kwa rangi ya buluu: KITUO CHA MAJI CHA NGAREMARA. Wanawake walitembea asubuhi nzima kuja, na alasiri nzima kurudi. Habsa alipewa gambuti za mpira za kukanyagia maji. Malori, yakiwa sasa hayana lawama, yaliongezewa safari za vitunguuni, na kadiri yalivyoongezewa ndivyo mfereji ulivyotoa kwa nguvu. Mkataba wa Mungania uliongezwa miezi mitatu, pamoja na jukumu la kufungua mfereji.

Mwisho wa mwezi Mkurugenzi alimwita aandike barua kwa wafadhili.

"Andika: tuna furaha kuwajulisha kwamba watu wa Ngaremara wanapata maji kila siku. Maji yaliyohakikiwa."

Mungania aliandika. Akasahihisha makosa mawili ya Mkurugenzi, kwa maana barua ni barua. Alitafuta neno la uongo ndani yake asilione, na karatasi yenyewe ilikuwa kavu kabisa.

Gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani, imekauka. Akafungua mfereji kidogo, akalowesha kidole, akakipitisha pembeni mwa bahasha, akaikandamiza kwa ngumi mpaka ikashika. Ilinukia vitunguu. Habsa akavaa gambuti zake, akaipeleka stendi, na basi la saa tatu likaondoka nayo.