Vigae vya Mistari

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba vinundu havikuwepo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona ya benki, nasukumia mchanga kwenye nyufa za vigae kwa ufagio mfupi. Mkono wangu ukapita juu ya mistari mitupu mpaka ukingoni mwa barabara.

Katikati ya mji zilikuwa zinajengwa njia pana za waenda kwa miguu, na ndani yake ukapita mstari wa vigae vya njano kwa ajili ya wasioona. Kigae cha mistari maana yake endelea. Cha vinundu maana yake simama, mbele kuna magari. Nilifundishwa hayo siku ya kwanza kazini, na jioni ile ile nikamfundisha mjomba.

Mjomba, aliyenilea, alikuwa haoni tangu utotoni. Alisuka viti kwenye duka la samani ng'ambo ya benki, na kila asubuhi mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimletea vigae viwili vilivyovunjika pembe. Akavua viatu, akavikanyaga vile vigae.

"Hiki?" nikamuuliza.

"Endelea."

"Na hiki?"

"Simama."

Akacheka. "Basi mwanangu, sasa utapata nafasi ya kutafuta mchumba. Mimi mwenzako nimeshapata barabara."

Pale kona ya benki nyapara aliwaambia mafundi, "Vya vinundu vimeisha. Malizieni na hivi hivi. Kesho mkubwa anakuja kufungua, tutabadilisha baadaye."

Nilimtazama. Akaniona.

"Vipi, Bubu? Leo una hotuba?"

Mafundi, walionipa jina hilo kwa ukimya wangu, wakaangua kicheko. Uso ukanichoma, nikainama, nikaendelea kufagia.

Jioni mjomba aliniuliza, "Kona ya benki wameimaliza?"

"Wameimaliza."

Nilitaka kuongeza neno. Lakini alikuwa anapaka viatu vyake rangi huku anapiga mluzi, nikaona nisimharibie furaha yake. Si nitamshika mkono mwenyewe?

Alfajiri tukaitwa kuosha njia kabla mkubwa hajafika. Nikamwambia mjomba mlangoni, "Nisubiri, nitakufuata saa nne."

"Nenda bwana, unanilinda kama yai," akasema.

Hakunisubiri. Saa tatu, watu wakipigia makofi utepe uliokatwa, nilisikia breki za lori upande wa benki. Nilikimbia, na kabla sijafika nilishajua. Viatu vyake vinavyong'aa vilikuwa vinaning'inia shingoni, vimefungwa kwa kamba zake. Alikuwa ametembea peku, ili asome vizuri.

Nyapara alikuja msibani. Alikaa mkekani akashika tama.

"Poleni sana. Mzee alichanganya vigae."

"Ndiyo hivyo," akasema shangazi. "Nilimwambia mambo ya kisasa hayamfai."

Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Nyapara akapokea bilauri yake bila kunitazama.

Wiki ile ile vya vinundu vililetwa, vikawekwa pale kona. Nilifagia mchanga wake mimi.

Mjomba, hukuchanganya. Miguu yako ilisoma sawasawa kile kilichowekwa. Mimi niliona kimewekwa vibaya, nikaogopa kuchekwa, nikanyamaza.