Redio ya Chumba cha Kufulia

Redio ya Lorine haikuwa na mlingoti wala mitambo. Ilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka, blanketi, na chumba cha kufulia nguo katika nyumba ya ghorofa mtaa wa Malaz, Riyadh. Kila Ijumaa, familia aliyoifanyia kazi ikishatoka kwenda kula kwa babu yao, Lorine alijifunika gubigubi ili sauti isirudi ukutani, akabonyeza WhatsApp na kuanza: "Wapendwa wa jikoni, wa getini na wa usukani, hamjambo?"

Aliianza kwa ajili ya Winfred. Walipanda ndege moja kutoka Nairobi. Lorine akabaki Riyadh, Winfred akapelekwa Jeddah, na tangu siku hiyo Winfred hakuvuka geti la bosi wake ila kwenda kutupa taka. Miezi minne hakuwa amesikia mtu akisema Kikamba. Basi Lorine akamtafuta dereva Mkamba, akamrekodi akisalimu na kulilalamikia joto, akamtumia. Winfred alilia, akapenga kamasi, kisha akasema, "Na wiki ijayo ulete." Wiki hiyo ikazaa nyingine. Leo Mkalenjin anatania, Ijumaa ijayo Mluhya anaimba. Kufikia mwaka 2014 redio ilisikika katika makundi kumi na moja, mpaka kwa vijana wa bandari ya Jeddah.

Hapo ndipo Nahashon, mlinzi wa ofisi fulani huko Al-Murabba na mwenyekiti wa chama cha Wakenya, alipounda baraza lake la mawaziri. Aliyekuwa na Panadol alipewa afya. Timothy, dereva wa nyumba ile ile ya kina Lorine, akapewa usafiri. Lorine akapewa utamaduni, pamoja na kazi ya kwanza: sherehe ya Jamhuri, Ijumaa tarehe kumi na mbili Desemba.

"Ila redio uiache," Nahashon akamwambia kwenye simu.

"Niiache kwa nini, Mwenyekiti?"

"Dada, kila Ijumaa unasema hotuba zangu ni ndefu kuliko foleni ya kibali cha ikama. Sasa uko ndani ya serikali. Serikali itajisema yenyewe?"

Lorine alikaa na neno hilo siku tatu, akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba bila kuiona mikunjo. Uwaziri aliutaka, asiseme uongo. Nani kwao aliwahi kuitwa mheshimiwa? Lakini redio ikifa, Winfred angebaki na nani? Siku ya nne akampigia Winfred.

"Redio ichukue wewe."

"Mimi? Niliyefungiwa humu nitatangaza nini, bei ya sabuni?"

"Una masikio. Na chumba cha kufulia unacho."

"Hicho kweli ninacho," Winfred akakubali, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka.

Ijumaa iliyofuata Lorine aliisikiliza redio yake kama mtu aliyekaribishwa kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Winfred alisalimu vizuri, taratibu, kisha akasema: "Sasa habari za serikali. Waziri wetu mpendwa, Mheshimiwa Lorine, ameandaa sherehe katika uwanja wa kukodi nje ya mji. Nimeuliza huku na huku. Watakaofika ni madereva, walinzi na wabeba mizigo. Wanawake wenye ruhusa ni watatu, na mmoja ni waziri mwenyewe. Sisi wengine tumeambiwa mafi, hakuna ruhusa. Mheshimiwa, Jamhuri ni ya wenye usukani peke yao?"

Timothy, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alicheka hadi akashika friji. "Umetajwa, Mheshimiwa! Na kitunguu kinaungua!"

Uso ulimwaka Lorine. Mtu aliyemkabidhi redio kwa mkono wake! Akachukua simu amjibu kwa ukali, akasikiliza tena, akaiweka chini. Angekuwa bado chini ya blanketi, naye angesema hivyo hivyo, tena kwa kejeli zaidi.

Akampigia Nahashon.

"Mwenyekiti, hotuba yako tuikate nusu. Wanawake wataimba."

"Wanawake gani, na hawatakuwapo?"

"Ndio hao hao."

Siku ya Jamhuri wanaume wapata sitini walikaa kwenye mikeka. Mbele yao palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti simu ya Lorine, imeegemezwa kwenye kipaza sauti. Hotuba ilikatwa, ingawa si nusu. Kisha simu ikaanza kulia, jiko moja baada ya jingine, Lorine akipokea na kulitaja kila jina. Wimbo mmoja ulikatika katikati. Bosi alikuwa ameita. Simu ya mwisho ilitoka Jeddah.

"Madam amelala chumba cha pili, ametoka kula," Winfred akanong'ona. "Nitaimba polepole."

Ulikuwa wimbo wa mavuno, ambao kwao huimbwa kwa sauti ya kuvuka bonde. Winfred aliuimba kwa pumzi tu. Kiitikio kilikuwa neno moja, rahisi hata kwa asiyejua Kikamba. Nahashon akasimama, akainua mikono, na wanaume sitini wakaitikia kwa kunong'ona, mabega yameinama, wasije wakamwamsha madam kule Jeddah.